Daftari Moja la Watu Kumi na Wanne

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, Mwalimu wetu Elinipa, ambaye leo ndiyo tunakuaga, Mama Domitila, mwenyekiti wa kikundi chetu cha waanika dagaa wa Kibirizi, ndugu wageni mlioacha kazi zenu mkaja, na nyie wenzangu wa darasa la Alhamisi, mliokaa huko nyuma mnanicheka na hata sijaanza. Wakubwa wote, shikamooni. Wa rika langu, mambo. Watoto mlioko dirishani, shukeni, hilo dirisha halina bawaba upande mmoja.

Mimi naitwa Feliksi. Wengi hapa hamjawahi kusikia sauti yangu, na mimi mwenyewe naishangaa ikitokea kwenye hiki kipaza sauti. Shule niliishia darasa la tano kule Simbo. Pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, nabeba mizigo, nageuza dagaa, na kwenye kikundi mimi ndiye katibu. Nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri na sibishani na mtu.

Na kusema leo nilichaguliwa hivi. Kikao kilikaa, mwenzetu Alphonce akajitolea kuhutubia. Mama Domitila akamwambia, "Wewe Alphonce ukishika kipaza sauti, Mwalimu atafika kwao Same na wewe bado unasalimia. Aseme katibu. Katibu ana maneno machache, tutawahi chakula." Mama, naomba radhi mapema. Leo chakula kitapoa.

Kwa sababu kuna jambo jingine, Mheshimiwa Diwani, na wewe unalijua. Wiki tatu zilizopita ulituambia chumba hiki kitaendelea kuwa cha darasa endapo tu atapatikana mtu wa kulisimamia Mwalimu akishaondoka. Fomu iko hapo mezani kwako. Ina nafasi ya jina, na hiyo nafasi iko wazi mpaka sasa hivi ninavyoongea. Jina lisipopatikana leo, kesho chumba kinakuwa stoo ya viti. Mwalimu alipendekeza jina langu. Nikakataa. Akanifuata tena mwaloni, nikajificha nyuma ya mizani, akanikuta, nikakataa tena. Mara ya tatu nikamwambia nitajibu siku ya kumuaga, mbele ya watu. Nilisema hivyo nikiamini hiyo siku iko mbali. Sasa ndiyo leo. Jibu linakuja, Mheshimiwa. Naomba tu usiangalie saa kwanza.

Mwalimu, umekaa Kigoma miaka thelathini na moja. Ulikuja kutoka Upare ukiziba pua kwa harufu ya dagaa wetu, na leo hata chai yako nadhani unaitia mawese. Umefundisha sekondari, umefundisha watoto na watoto wa hao watoto, ukastaafu. Na ulipostaafu, badala ya kupumzika kama watu wengine, ukaona uje kutusumbua sisi.

Ni kweli tulikuomba wenyewe. Tulitaka Kiingereza kwa sababu ya wanunuzi wanaotoka Zambia. Wanakuja wanaongea na sisi kwa mikono, na mkono unaweza kusema "kubwa" na unaweza kusema "hapana", lakini haujui kusema "njoo keshokutwa, hawa hawajakauka vizuri". Tukadhani utatufundisha hayo. Wewe ukaanza na jambo ambalo wengine hapa limewashinda mpaka leo, na siwataji. Ukatuambia kwamba kwa Kiingereza, ukishasema *each*, au *every*, au *this*, au *another*, au hata hiyo *a* peke yake, kitu kinachofuata kinabaki kimoja. Hakiongezewi *s* mwishoni. Hiyo *s* ukaiita mkia. Ukasema, "Hapa mkia hautakiwi."

Sasa, ndugu wageni, watu wa dagaa mnawaambia mkia hautakiwi? Tulipachika kila mahali. *Every fishes. Each sacks. A buckets.* Mwalimu akawa anakata mikia kwa chaki kutwa nzima, anatoka hapa mweupe mpaka kwenye nyusi.

Na hebu niwaulize, kuna mtu hapa amewahi kumuona mwanamke wa Kibirizi anauza dagaa mmoja? Siku ya kwanza Mwalimu alikuja ameshika dagaa mmoja, kamwinua juu, anasema, "*This fish.* Samaki huyu. Mmoja." Mama Domitila akasimama. "Mwalimu, huyo mmoja mpe paka. Tuletee debe ndiyo tuanze somo."

Shadia naye akauliza, na Shadia akiuliza huwa hakuna kutoka, "Hiyo *every* maana yake si wote?"

Mwalimu akasema, "Ndiyo, ni wote. Lakini inawaita mmoja mmoja."

"Sasa kama ni wote, mkia unakatwa kwa kosa gani?"

"Kwa sababu Waingereza ndivyo wanavyosema."

"Basi wana shida zao," Shadia akasema, akakaa.

Na usidhani Mwalimu aliishia kwetu. Kule Mwandiga kuna fundi simu anaitwa Bonaventura, kibandani kwake kaandika kwa Kiingereza, *We repair every phones*. Yaani wanatengeneza kila simu. Mwalimu alikuwa amekwenda kununua mihogo. Akauacha mhogo, akaenda kumgongea fundi wa watu. "Kijana, hiyo *s* ya mwisho ifute." Bonaventura akamjibu kwa adabu kabisa, "Mama, mimi natengeneza simu nyingi. Nikiandika moja, watu watadhani nimewahi kutengeneza moja." Wakabishana mpaka wateja wakachagua upande. Mkipita Mwandiga angalieni, *s* imepakwa rangi nyeupe, lakini bado inaonekana kwa chini. Hapo naona walitoka sare.

Hayo ni ya kucheka. Sasa nifike kwenye daftari.

Wiki ya pili Mwalimu alisema kila mwanafunzi aje na daftari. Tukaja kumi na wanne, na daftari moja. Kaunta buku kubwa, jalada gumu, majina yetu yote nimeyaandika juu yake. Mwalimu akaliangalia, akatuangalia.

"Na mengine yako wapi?"

Mama Domitila akajibu, "Kikundi kina katibu mmoja, na kina daftari moja. Katibu ataandika, sisi tutasema."

Mwalimu ulicheka mpaka ukatafuta leso. Ukasema tangu uanze kazi hujawahi kuona watu kama sisi. Ukatuacha. Miezi minne ikaenda hivyo, nyie mnaitikia kwa pamoja kama kwaya, mimi naandika, nimeinamisha kichwa. Nilifurahi sana. Mtu akiwa anaandika hakuna anayemuuliza swali.

Halafu ukaleta mtihani. Ukasema *every student* aandike majibu yake. Saa moja baadaye ukapokea karatasi moja, majina kumi na manne, mwandiko wangu. Ukasahihisha. Arobaini na nane kwa hamsini. Ukasimama hapo mbele, ukauliza, "Hizi arobaini na nane ni za nani?"

Alphonce akasema, "Tugawane tu, Mwalimu."

Mwalimu hukucheka siku hiyo. Alhamisi iliyofuata ulikuja na wembe. Ukaliweka daftari letu mezani, ukalipasua mgongo, ukahesabu kurasa, ukalikata vipande kumi na vinne, na kila kipande ukakishona kwa uzi. Mama Domitila akapiga kelele, "Jamani, Mwalimu kachinja daftari la kikundi!" Shadia akasema, "Na bismillahi hajapiga." Wewe ukatugawia, kipande kwa kila mtu. Ukasema, "Kila mtu na chake. Andikeni majina yenu juu."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa naangalia benchi la mwisho, pale ukutani. Mama Eufrasia alikuwa amekishika kipande chake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Akakiweka chini ya benchi taratibu. Akasema anasikia kama mvua, anakwenda kuanua dagaa. Nje jua lilikuwa linapasua vichwa.

Hakurudi. Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Hapa nisimame kidogo. Haya ninayotaka kusema si yangu, ni ya Mama Eufrasia, na yupo pale, mwenye kitenge cha njano. Jana nilikwenda kumuomba ruhusa. Akaniambia, "Sema. Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi nikishika hicho kidude nitawataja na wengine."

Basi nasema. Mama Eufrasia alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Hata jina lake. Na sisi wote kwenye kikundi tulijua. Hatujawahi kukaa kikao juu ya hilo, hakuna aliyemwambia mwenzake. Lakini ndiyo maana daftari lilikuwa moja, Mwalimu. Ndiyo maana barua zetu anasaini katibu kwa niaba ya wote. Kila anayejua kuandika alijifanya mvivu wa kuandika, ili yule mmoja asionekane peke yake. Wewe ulidhani tunabania daftari. Hata Alphonce, ambaye hana siri duniani, hiyo aliitunza.

Kwa hiyo wembe wako ulipokata karatasi, Mwalimu, ulikata na kitu kingine, na hukujua. Sisi hatukukuambia. Na wewe hukuuliza.

Mimi nilikiokota kile kipande. Nikakaa nacho wiki nzima ndani ya shati. Halafu siku moja mchana nikaenda anakoanikia. Nikamkuta anageuza dagaa kwenye wavu. Nikasimama. Kusimama najua. Nilisimama mpaka akachoka yeye.

"We mtoto wa Simbo, umetumwa?"

"Hapana, mama."

"Unanunua?"

"Hapana."

"Basi sogea, unawazibia jua."

Nikasogea, nikasimama upande wa pili.

Akashangaa, "Mawe we! Na huko nako si kuna dagaa?"

Kile kipande kilikuwa shatini na mkono ulikataa kukitoa. Nikachuchumaa pembeni ya wavu, nikapanga dagaa waliokauka, mmoja mrefu amesimama, watatu wafupi wamelala. Nikamwambia, "Hii ndiyo inaanza jina lako."

Akaangalia sana. "Hii si reki?"

"Ndiyo, mama. Jina lako linaanza na reki."

Akaguna, akaenda kuchota maji. Kurudi, kunguru ameshapita, ameondoka na dagaa wa chini. Nikamwambia, "Sasa imekuwa F. Hiyo inaanza jina langu."

Jamani, alikasirika. "Yaani kunguru ameniibia jina amekupa wewe?" Akachukua dagaa mwingine, akamlaza pale pale palipokuwa pameliwa. Akamlaza mwenyewe, sikumuonyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya shule.

Tukaendelea kila mchana, kabla wanunuzi hawajafika. Jina lake lina herufi nane, na zote alizipanga kwa dagaa. *S* ndiyo ilimtesa, kwa sababu dagaa akishakauka hapindi, unamvunja. Ikabidi tutumie wabichi. Alipoimaliza akaiangalia, akaniuliza, "Hii si ndiyo ule mkia wa Mwalimu? Kumbe hata mimi ninao?" Baada ya hapo nikatoa kile kipande cha daftari, nikampa na kalamu ya risasi. Hakukikataa.

Mwalimu, wewe ulikuja wiki ile ya tatu. Ulichoka kumsubiri mwanafunzi, ukaamua kumfuata. Ulivaa viatu vya ofisini, vikazama mchangani, na kuna watu waliona wakaja kunihadithia kama wanatangaza mpira. Ukafika pale kwenye wavu. Jina lilikuwa limepangwa lote. Ukalisoma kwa sauti, "Eufrasia." Na Mama Eufrasia akaitika, "Abee." Maana ndiyo mara ya kwanza jina lake kuitwa kutoka mahali alipoliandika mwenyewe.

Ukaniangalia mimi. Ukamwangalia yeye. Ukakaa juu ya debe, na sketi yako nzuri ile ya bluu. Halafu ukasema, "Dada, nisamehe. Nilikata kabla ya kuuliza."

Mama Eufrasia akawa anageuza dagaa tu. Akasema, "Kukata ulikata vizuri, Mwalimu. Bila ule wembe ningezeekea nyuma ya hawa. Ila siku nyingine uliza kwanza."

Ukasema, "Nitauliza."

"Na ushuke kwenye debe langu, utalibonyeza."

Alhamisi iliyofuata alirudi. Miezi miwili baadaye Mwalimu alimwita ubaoni atunge sentensi yake mwenyewe, ya Kiingereza. Darasa zima tulishika benchi. Mama alichukua chaki, akaandika polepole, herufi moja moja, huku anapumua kama anapandisha mzigo. Akaandika, *Each buyer is a thief.* Yaani kila mnunuzi ni mwizi. Kama kuna mnunuzi kati ya wageni wetu, atusamehe, hakukusudiwa yeye. Mwalimu aliisoma mara mbili akitafuta mkia wa kukata. Hakuna hata mmoja. Akasema, "Sarufi iko sahihi kabisa. Adabu tutaongea."

Sasa nije kwenye jibu, maana namuona Mheshimiwa ameshaweka kalamu juu ya fomu.

Nilikataa kwa sababu mbili na zote ni za kweli. Elimu yangu ni darasa la tano. Na watu wengi wakiniangalia kwa pamoja natafuta pa kujificha. Hata sasa hivi mnaniona nimesimama wima, lakini shukuruni hii meza. Nikajiambia, msimamizi wa darasa lazima awe mtu wa kuongea. Awe kama Alphonce, akiingia tu chumba kinajaa.

Jumapili iliyopita nilimwambia hivyo Mama Eufrasia. Tulikuwa tunakunja nyavu. Akaniuliza, "Kwani mimi nilikosa msemaji? Mle darasani wasemaji walikuwa kumi na wawili. Wote wananipenda, sikatai. Nilipotoka, nani alinifuata?"

Nikavuta wavu upande wangu.

"Basi usiniambie hujui kusema. Kwani siku ile ulisema nini? Ulisimama tu, ukanizibia jua."

Mheshimiwa Diwani, nimelala na hayo maneno siku nne. Naomba hiyo fomu. Usiandike wewe, niletee niandike mwenyewe. Asante. Feliksi. Alphonce, acha kupiga makofi, sijamaliza, nitakosea.

Tayari. Nimeandika.

Lakini tuelewane. Kiingereza sitafundisha mimi, changu kinaishia mwaloni. Mwalimu amekubali tumpigie simu kila Alhamisi akiwa Same, na Alphonce ametoa spika yake, kwa hiyo Kiingereza atakisikia hata asiyekitaka. Mimi nitafundisha kusoma na kuandika, kuanzia herufi ya kwanza. Na nitakuwa naongea taratibu, na siku nyingine nitakuwa sina la kuongea. Mnivumilie.

Mwalimu Elinipa, kwa niaba ya kikundi nakushukuru. Sijui maneno makubwa. Ulitukata vipande, ukatukasirisha, halafu ukaja na viatu vizuri mchangani kuomba radhi, na hilo sikuwahi kuliona kwa mwalimu yeyote wakati nasoma. Ingekuwa nililiona, labda nisingeishia la tano. Ukifika Same uwasalimie. Waambie huku kuna watu watakupigia simu Alhamisi, na baadhi yao bado wanapachika mkia.

Nimalizie na neno moja kwa wageni. Wakati mnaingia, Shadia alikuwa mlangoni anagawa karatasi za ratiba. Mimi nilikuwa nimekaa hapa nawaangalia, kwa sababu kuangalia ndiyo kazi ninayoiweza. Wengi mlisoma. Wachache mliikunja haraka, mkaitia mfukoni, mkamuuliza jirani, "Eti, sasa anafuata nani?" Sijawahesabu. Sitawataja, leo wala siku nyingine. Nawaambia tu kwamba chumba hiki kina mlango wa uani, unaopakana na lile shamba la mihogo. Kuanzia Alhamisi ijayo utakuwa wazi saa tisa, nusu saa kabla ya darasa. Nitakuwepo mimi peke yangu, na hakuna atakayeuliza umefuata nini.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Na tafadhali, msigeuke kuangaliana.